Fao la kukosa ajira: tuelekezane kabla hujasaini karatasi ya kuondoka kazini (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mdau wa Nyakato (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Kila sangara wanapoadimika ziwani, viwanda vya minofu huanza kupunguza watu, na mimi kama mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi simu yangu haitulii. Anayepiga mara nyingi ameshatoka getini, ameshasaini kila alichowekewa mezani, ndipo anauliza: "Kaka, NSSF yangu naitoaje yote?" Huwa naumia, maana sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye zile karatasi. Uzi huu nauandika hasa kwa mtu ambaye bado ana kazi, ingawa na aliyetoka hatakosa kitu.

Tuanze na hiyo "yote". Fao la kujitoa tulilolizoea, kwamba ukiacha kazi unakwenda kuchota michango yako na ya mwajiri, liliondolewa. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, kwa watumishi wa umma, na NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Sheria hiyo ndiyo iliyoleta fao la kukosa ajira. Kwa hiyo tunaozungumza hapa, wa viwandani, hotelini, shule binafsi, ulinzi, ujenzi, wengi wetu ni wa NSSF.

Ili ulipwe unatakiwa uwe Mtanzania, uwe hujafika miaka 55, uwe umechangia angalau miezi 18, kazi yako iwe imekoma bila wewe mwenyewe kuiacha, na uwe hujapata ajira nyingine. Ukitimiza hayo unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa miezi 6. Chukua mtu wa mshahara wa 450,000. Kwa mwezi atapata kama 149,850, na miezi sita ikiisha atakuwa amepokea 899,100. Hapo fao limekwisha. Akipata kazi mwezi wa tatu, linakoma mwezi huo.

Ambaye hajafikisha miezi 18 analipwa mara moja, nusu ya michango yake mwenyewe. Hapo kwenye "yake mwenyewe" wengi wanapiga hesabu vibaya. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida 10 inakatwa kwako, 10 anatoa mwajiri. Inayohesabiwa ni ile iliyokatwa kwako. Wa 450,000 aliyechangia miezi 14 amekatwa 45,000 kila mwezi, jumla 630,000, kwa hiyo anapata 315,000.

Sasa rudi kwenye yale maneno, "bila wewe mwenyewe kuiacha". Hapo ndipo watu wetu wanaporwa haki mchana kweupe. Mwajiri anataka kupunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao kutafuta njia ya kuepusha, na washauriane nani anapunguzwa na kwa vigezo gani. Ni kazi, na ina gharama. Njia ya mkato ni kumwita mtu ofisini na kumwambia kwa upole: "Andika tu barua ya kuacha kazi, tukumalizie haraka, na tukikuhitaji tutakuita." Mtu anaandika. Anapewa bahasha, anashukuru.

Kwa ile barua moja ameshatangaza kwamba hakuachishwa, ameacha. Fao la kukosa ajira limemponyoka. Kiinua mgongo nacho, kwa sababu sheria inakitoa pale mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyefanya kazi angalau mwaka mzima mfululizo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyekaa miaka 6 alikuwa na mshahara wa siku 42 unamsubiri. Alikuwa pia na notisi ya siku 28 kama analipwa kwa mwezi, au malipo badala yake. Vyote hivyo vimebadilishwa na bahasha.

Tafadhali mtu asisaini barua ya kuacha kazi ambayo hakuitaka. Kama mwajiri anakupunguza, aandike yeye kwamba amekupunguza.

Karibuni, na wenye ujuzi zaidi waongeze.

Fundi Nondo

Asante sana mkuu, umenigusa. Mimi nilikuwa nafunga nondo daraja la Kigongo–Busisi, sasa linaitwa JPM. Kazi ilipoisha na mikataba yetu ikaisha. Sikuacha kazi wala sikufukuzwa, mkataba umefika tarehe. Je, naingia humo? Halafu kabla ya daraja nilichangiwa na kampuni nyingine ya ujenzi Shinyanga kama mwaka na kitu. Ile miezi imepotea?

Mdau wa Nyakato

Pole na hongera kwa daraja mkuu, tunapita juu ya kazi yenu kila siku.

Mkataba ukifika mwisho na usipoongezwa, hukuacha kazi kwa hiari yako. Nenda na nakala ya mkataba unaoonyesha tarehe ya mwisho, na barua ya mwajiri inayosema ajira imekoma kwa sababu hiyo. Miezi ya Shinyanga haijapotea. Michango ni ya mwanachama, haifi na kampuni. Shida inakuja kama ulisajiliwa mara mbili, kila kampuni na namba yake, na hili ni jambo la kawaida sana kwenye ujenzi. Omba namba ziunganishwe kabla hujaleta madai, la sivyo unaweza kuonekana una miezi 11 huku kumbe una 25.

Usitegemee kiinua mgongo tu. Mkataba ulioisha kwa kufika muda wake haukipi. Mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuchukua na cheti cha utumishi, hivyo dai.

Binti wa Mkolani

Nafanya kazi ya rasilimali watu kwenye kampuni moja hapa mjini, naomba niongeze kitu kwa upande wetu wa meza.

Sababu ya kuondoka iandikwe kwa maneno yasiyo na utata. Nimeona barua za "kuachana kwa makubaliano" ambazo ukizisoma huelewi nani alimwacha nani. Mwenye barua kama hiyo anakwenda kudai na anaanza kuulizwa maswali ambayo mwajiri ndiye alipaswa kuyajibu. Kabla ya kutoka getini soma mstari wa sababu. Umepunguzwa kwa ajili ya uendeshaji? Iandikwe hivyo. Mkataba umeisha? Iandikwe hivyo. Kama lugha ya barua ni Kiingereza na huielewi vizuri, una haki ya kusema naomba nikasome nyumbani, kesho nitaileta. Mwajiri mwenye nia njema hawezi kukataa.

Jambo la pili ni taarifa ya michango. Usisubiri uachishwe ndipo ukaangalie. Iangalie kwenye portali ya mwanachama au ukaombe dirishani, angalau mara mbili kwa mwaka. Stakabadhi ya mshahara inaonyesha umekatwa. Taarifa ya michango inaonyesha kama kilichokatwa kilifika NSSF. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na mfanyakazi anayeangalia kimoja tu anajua nusu ya habari zake.

Ng'wana Magu

Wakuu mimi nina swali la hasira kidogo, mnisamehe. Pesa ni yangu, nimekatwa kwenye jasho langu. Nikiachishwa kwa nini nipewe theluthi ya mshahara kwa miezi sita, halafu iliyobaki nisubiri hadi uzee? Laki moja na nusu Igoma inalipa chumba, umeme na unga, ada ya watoto hakuna. Huu si msaada.

Mzee wa Kabuhoro

Kijana, hasira yako ni ya miaka mingi na si yako peke yako.

Zamani ilikuwa NPF, tangu 1964. Ule ulikuwa mfuko wa akiba, wewe unaweka, mwajiri anaweka, siku ya kutoka unapewa chako na riba kidogo. Mwaka 1997 ikatungwa sheria ya NSSF na mambo yakageuka kuwa bima ya jamii, pensheni ya kila mwezi, fao la uzazi na mengineyo. Lakini kujitoa kulibaki, kwa hiyo vichwani mwetu iliendelea kuwa akiba.

Mwaka 1999 Ulaya walipozuia samaki wetu kwa habari za sumu ziwani, viwanda vya hapa vilisimama. Nami nilitoka wakati ule. Nilichukua michango yangu nikamalizia nyumba hapa Kabuhoro, na nyumba hiyo imenilea hadi leo. Sitasema uongo kwamba kujitoa kulinidhuru.

Ndiyo maana mwaka 2012 walipojaribu kuzuia watu wasichukue hadi miaka 55, wachimbaji wa huku kwetu walipaza sauti kuliko wote. Mchimbaji anajua mgodi una mwisho. Bulyanhulu ilipunguza shughuli mwaka 2017 baada ya makinikia, ule mchanga wenye madini, kuzuiwa kusafirishwa nje, na Buzwagi ikafungwa 2021. Mwambie mtu wa miaka 32 kwamba pesa yake ataiona akiwa na 55, hakuelewi.

Binti wa Mkolani

Mzee wangu shikamoo, na nakuheshimu kwa ushuhuda huo. Ila naomba tuangalie na upande wa pili, maana nimewaona wengi ambao hawakumalizia nyumba.

Pensheni ya NSSF inataka miezi 180 ya michango, miaka 15. Mfanyakazi wa viwanda vyetu anaajiriwa, anaachishwa, anaajiriwa tena. Kila akitoka na kila kitu anaanza upya sifuri. Anafika 60 ana michango ya miaka minne ya mwisho tu, na amefanya kazi miaka 30. Leo akipokea fao la kukosa ajira, akipata kazi nyingine anaendelea kuchangia na miezi yake ya nyuma inahesabiwa. Kwa mwanamke wa kuparua samaki aliyebadilisha viwanda vitano hilo si jambo dogo, ndilo linaloamua kama atakuwa na pensheni au hatakuwa nayo.

Mdau wa Nyakato

Ng'wana Magu, hasira yako naielewa na nadhani iko sawa mahali fulani, ila si pale ulipoiweka.

Bima ya kukosa kazi kwenye nchi nyingi ina kapu lake. Afrika Kusini wana mfuko wao unaoitwa UIF: mfanyakazi anachangia asilimia 1 ya mshahara, mwajiri asilimia 1, na fedha ile ni ya waliopoteza kazi, wagonjwa na wazazi. Uzee una makapu mengine. Marekani, katika majimbo karibu yote, anayechangia ni mwajiri peke yake, muda wa kawaida katika majimbo mengi ni wiki 26, na mpokeaji anatakiwa kuonyesha kwamba anatafuta kazi. Ujerumani wanalipa asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, na 67 kwa mwenye mtoto. Wao walianza mwaka 1927.

Sisi hatuna kato la pekee kwa ajili ya hatari ya kupoteza kazi. Ile asilimia 20 inabeba uzee, ulemavu, urithi, uzazi na kukosa ajira. Kwa hiyo mfanyakazi akisikia "fao la kukosa ajira" anaona ni kipande cha pesa ya uzee wake kinachokatwakatwa, na huwezi kumlaumu. Bima ya kweli ni pale wasiopatwa wanapowabeba waliopatwa. Mimi natamani chama chetu kidai kapu la pekee, hata kama ni nusu asilimia kutoka kwa mwajiri, litakalolipa zaidi ya theluthi kwa wenye mishahara ya chini. Theluthi ya milioni tatu inaishika nyumba. Theluthi ya laki tatu ni laki moja, na hiyo haikai.

Lakini wakati tunadai hilo, laki moja na nusu kwa miezi sita usiiache mezani kwa sababu uliandika barua ya kuacha kazi.

Ng'wana Magu

Hapo nimekuelewa mkuu. Na ile 33% ya kikokotoo ndiyo hii hii?

Mdau wa Nyakato

Hapana, na nashukuru umeuliza kwa sababu watu wengi wanazichanganya. Ile ya kikokotoo inahusu anayestaafu: ni sehemu ya pensheni anayopewa kwa mkupuo. Ilianza Julai 2022, na mwaka 2024 Serikali ikaipandisha, wengine 40, wengine 35. Hii ya kukosa ajira ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Namba zimefanana tu.

Mama wa Minofu

Habari zenu wana uzi. Mimi sina barua wala mkataba. Nimefanya kazi ya minofu miaka mingi kiwanda kimoja, lakini tunaletwa na wakala, tunalipwa kwa siku kwenye simu, na siku samaki hawapo tunarudishwa getini. Jina langu NSSF silijui kama lipo. Juzi tumeambiwa wakala amemaliza mkataba na kiwanda, tusije tena. Nasomesha watoto watatu. Je, mimi si mfanyakazi?

Wakili wa Buzuruga

Dada yangu, wewe ni mfanyakazi. Kulipwa kwa siku hakumfanyi mtu asiwe mwajiriwa, na kukosa mkataba wa maandishi hakumpi mwajiri ruhusa ya kukukana. Sheria ndiyo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na kukitokea mgogoro juu ya masharti ambayo yeye alitakiwa kuyaandika, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unamwangukia yeye.

Fanya haya wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi.

Nenda NSSF na kitambulisho chako cha taifa, waulize kama una namba ya uanachama na nani amekuchangia. Kama kuna michango hata ya miezi michache, tayari una mahali pa kuanzia. Kama hakuna, omba kuonana na maafisa wa matekelezo. Hao ndio wenye kazi ya kuwafuata waajiri wasiosajili watu au wanaokata wasiwasilishe. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Akichelewa anatozwa adhabu juu yake, na anaibeba yeye, si wewe.

Chukua ushahidi. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute, omba taarifa ya miamala ya kipindi chote kwenye kampuni ya simu. Kadi ya geti, picha ukiwa na sare, majina ya wenzako mliokuwa meza moja, daftari la mahudhurio kama mlipiga picha. Mkienda kundi ni bora kuliko mmoja mmoja.

Na siku zinahesabiwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira iliposimamishwa. Madai mengine, kama mshahara ambao hukulipwa, ni siku 60. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, unaleta Tume pamoja na uthibitisho kwamba amepokea. Tume inaanza na usuluhishi. Huna haja ya wakili kujaza fomu ile.

Kwenye fomu andika wakala na kiwanda wote wawili. Nani hasa mwajiri ni swali litakalojibiwa huko, usilijibu wewe kwa kumwacha mmoja nje.

Mama wa Minofu

Mungu akubariki kaka. Tuko kumi na kitu, kesho asubuhi tunakwenda.

Mwana Ukerewe

Na sisi wa mitumbwini je? Mimi ni mvuvi wa dagaa, mbalamwezi ikiwaka tunakaa siku kadhaa bila pato. Hiyo si kukosa ajira?

Mdau wa Nyakato

Kwa maisha ndiyo, ndugu yangu. Kwa sheria hii hapana. Fao linamhusu aliyeajiriwa kwa mshahara na akachangiwa na mwajiri. Kwenye mitumbwi mingi mnagawana mapato baada ya kutoa mafuta na gharama za mwenye chombo, kwa hiyo hakuna mshahara wa kupiga theluthi. NSSF inapokea wanachama wa hiari, wavuvi na bodaboda na mama lishe, na huko unajenga uzee wako. Mbalamwezi haikulipi. Ni pengo kubwa kwenye nchi ambayo wengi wamejiajiri, na kwa mwambao wa ziwa hili ndilo pengo kubwa kuliko yote tuliyoyazungumza.

Kijana wa Pasiansi

Mimi nilikatika vidole viwili kwenye mashine, nikatibiwa, kisha nikaachishwa wakisema siwezi tena kazi. Nadai hili fao?

Wakili wa Buzuruga

Pole sana. Kwa jeraha la kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ule anachangia mwajiri peke yake, haikatwi senti kwako, na unalipa fidia ya ulemavu uliobaki. Usikubali kuambiwa kwamba tiba ndiyo fidia. Madai hayo ni tofauti na NSSF na ni tofauti na CMA, na moja haliui jingine. Kwa kuachishwa, ile ya siku 30 inakuhusu pia: kabla ya kumwachisha mtu aliyeumia kazini, mwajiri alitakiwa kutafuta kama kuna kazi nyingine anayoweza kuifanya. Nitumie ujumbe wa faragha tarehe ya barua yako.

Neema Nyegezi

Naomba msaada wa haraka. Nilikuwa mhasibu msaidizi shule binafsi. Niliitwa nikaambiwa nichague, ama niandike barua ya kuacha kazi ama wanifungulie kesi ya upotevu wa fedha ambayo hata hawakunionyesha upotevu wenyewe. Nililia, nikaandika. Hii ni wiki ya pili. Nimesoma uzi huu na moyo umeniuma. Nimeshapoteza?

Wakili wa Buzuruga

Dada Neema, hujapoteza, na wiki ya pili ni mapema. Uko ndani ya siku 30.

Sheria ya 2004, kifungu cha 36, inatambua kwamba mfanyakazi anaweza kuandika barua ya kuacha kazi na bado ikahesabiwa kuwa mwajiri ndiye aliyevunja ajira, pale alipofanya mazingira ya kuendelea kuwa magumu yasiyovumilika. Kumtisha mtu kwa kesi isiyo na maelezo ili aandike barua ni jambo ambalo Tume inalisikiliza. Ila utalazimika kulithibitisha wewe. Andika leo, kumbukumbu ikiwa bichi: siku, saa, nani alikuwepo, maneno gani yalisemwa, ulikaa chumbani muda gani. Kama uliwatumia ujumbe mume au rafiki jioni ile ukieleza kilichotokea, utunze. Kama kuna ujumbe kutoka kwa uongozi, hifadhi.

Kisha waandikie barua fupi sasa hivi, ya heshima, ukisema barua yako ya tarehe fulani uliiandika kwa shinikizo, na huitambui kama hiari yako. Iwasilishe kwa njia inayoacha alama, wasaini kupokea au uitume kwa barua pepe. Barua hiyo haimalizi jambo, lakini mtu aliyekaa kimya miezi mitatu na mtu aliyelalamika wiki ya pili hawaonekani sawa mbele ya mwamuzi.

Ukishinda au mkielewana mbele ya msuluhishi, hakikisha makubaliano yanataja kwamba ajira ilisitishwa na mwajiri. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo NSSF. Wengi wanapatana kiasi cha fedha, wanasahau sababu, na mlango wa fao unabaki umefungwa.

Kwa wengine wanaosoma: siku 30 zikipita si mwisho kabisa, kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa. "Sikujua sheria" peke yake haitoshi.

Neema Nyegezi

Asanteni sana. Dada yangu alikuwa ananisubiri nje siku ile, aliniona nikitoka. Naandika sasa hivi.

Binti wa Mkolani

Dada yako aandike na yeye alichokiona, kwa mkono wake, na tarehe. Pole sana mpenzi.

Niongeze swali ambalo naulizwa sana: baada ya ile miezi sita inakuwaje kama bado huna kazi? Michango yako inabaki kwenye jina lako. Ikifika miezi 18 bado hujaajiriwa, unaweza kuomba ihamishiwe kwenye uanachama wa hiari, uendelee kuchangia mwenyewe kwa biashara yako. Aliyefungua genge Buhongwa baada ya kuachishwa ana sababu nzuri ya kufanya hivyo kama miezi yake inakaribia 180. Aliye na miezi 20 na kijana bado, mimi ningemshauri atafute ajira kwanza.

Fundi Nondo

Wakuu nimerudi. Nimekwenda, namba zilikuwa mbili kweli, wamechukua maelezo waziunganishe. Daraja miezi yote ipo. Ila ile kampuni ya Shinyanga kuna miezi minne katikati haionekani, na mimi nilikatwa. Bila hiyo minne bado nazidi 18. Niiache tu niendelee na madai?

Mdau wa Nyakato

Usiiache mkuu. Peleka madai ya fao kwa miezi inayoonekana, maana inatosha na nyumbani wanakula leo. Papo hapo peleka malalamiko ya ile minne kwa maafisa wa matekelezo na stakabadhi za mshahara za miezi hiyo. Kama za karatasi zimepotea, taarifa ya benki inaonyesha mshahara ulioingia ukiwa umeshakatwa, na mwenzako mmoja wa wakati ule mwenye stakabadhi yake anaweza kusaidia kuonyesha utaratibu wa makato. Miezi minne leo huioni kama kitu, lakini siku ukisimama na 177 dhidi ya 180 utaitafuta.

Na omba upewe nakala ya malalamiko yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukipata, iweke pamoja na mkataba wa daraja.